Naomba ushauri: vibarua wa kila siku wanaachishwaje?

Salaam wenzangu. Mimi ni afisa mwandamizi wa rasilimali watu katika chuo kikuu cha umma hapa Mombasa. Tuna vibarua wa usafi na bustani, wengine huvuka feri kutoka Likoni alfajiri, na miaka yote hii wanalipwa kwa siku. Sasa mkuu wangu ataka niwaachishe wote mwisho wa mwezi. Bajeti hamna, asema.

Nijuavyo, kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira ya 2007 chamgeuza kibarua wa mfululizo kuwa mwajiriwa wa kulipwa kwa mwezi, mwenye haki ya notisi ya siku 28. Na kwa kuwa sababu ni pesa, naona ni kifungu cha 40, kile cha kupunguza wafanyakazi: afisa wa kazi aarifiwe mwezi mmoja kabla, na fidia isiyopungua malipo ya siku 15 kwa kila mwaka wa kazi. Mkuu acheka tu, eti hiyo ni ya wenye mikataba.

Nimwandikie rasmi, au nianzie kwa mwanasheria wa chuo? Sitaki nionekane mchochezi. Na rekodi zikiwa ni daftari za msimamizi peke yake, miaka yao mwaihesabu vipi?