Mtindi unagoma kuganda, naambiwa ni virusi vya bakteria

Wakuu, naomba ushauri. Natengeneza mtindi hapa Buhongwa, Mwanza. Siku hizi nikishachemsha maziwa, nikayapoza hadi nyuzi 43 na kutia mbegu (bakteria wa kugandisha mtindi), yanaanza kushika vizuri halafu yanagoma. Asubuhi nakuta uji mwepesi, hata ukali hauna. Nilihisi ng'ombe kachomwa dawa ya kuua bakteria ikabaki kwenye maziwa, ila maziwa hayohayo kwa mbegu ya aina nyingine yanaganda safi kabisa! Mtaalamu mmoja kasema ni bakteriofaji, virusi vinavyoua bakteria wa mtindi (binadamu havimdhuru), na vingine vinahimili joto la kawaida la kupasha maziwa ili kuua vijidudu. Ndoo nasugua kwa klorini. Je, nizungushe mbegu kwa zamu, au yale maji ya mtindi yanayomwagika sakafuni ndiyo yanavirudisha? Wateja wameanza kununa.