Je, ni dhambi kuchoka kumngoja Bwana?

Mwalimu, Kakamega
Bwana asifiwe, wapendwa. Nilihitimu ualimu mwaka 2017, na tangu hapo nimetuma maombi kila nafasi za kudumu zinapotangazwa, huku nikifundisha Hisabati katika shule ya kijijini kwa posho ya wazazi, ambayo miezi mingine haitoki kabisa. Mwaka jana mhubiri mgeni alitutangazia kwamba kila atakayepanda mbegu, yaani kutoa sadaka, atafunguliwa mlango kabla ya siku 40 kwisha. Nilitoa posho ya mwezi mzima. Siku 40 zilipita, nikajiona mwenye imani haba. Sasa nikifarijiwa kwa Yeremia 29:11, kwamba Mungu anatuwazia mema na kutupa tumaini, moyo unazidi kuwa mzito, na jambo hilo linanitisha kuliko hata ukosefu wa ajira. Je, uchovu huu ni dhambi?

Mama Omena, Kisumu
Pole sana, mwanangu. Si dhambi. Mimi ninauza omena, dagaa wa ziwani, ufuoni Dunga. Omena huvuliwa usiku kwa taa, kwa hiyo mwezi ukiwa mpevu mashua hurudi karibu tupu, nasi tunakunja nyavu kuukuu tunazoanikia na kungoja giza lirudi. Kungoja huko hakuniumizi, maana siku zake nazihesabu kwa vidole. Kunakoniumiza ni kule kando ya kitanda cha binti yangu mwenye selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, maumivu yanapompanda mifupani usiku na hakuna ajuaye yatashuka saa ngapi. Nilikuwa nikijilazimisha kuimba pambio. Usiku mmoja nikasoma Zaburi 13 kwa sauti, nikakuta Daudi anamwuliza Mungu “hata lini” mara 4 katika mistari 2 tu. Binti yangu hajapona, lakini siombi tena kama mtu anayeficha kitu.

Mzee wa Kanisa, Nakuru
Mama amenena vyema. Ningependa turudi kwenye hilo andiko la Yeremia, kwa sababu tumezoea kuling’oa bila mizizi yake. Lile neno la tumaini limo ndani ya barua iliyopelekwa kwa watu waliochukuliwa mateka Babeli. Katika sura ya 28, iliyotangulia, Hanania alisimama katika nyumba ya Bwana akaahidi kwamba katika miaka 2 mateka wangerudi pamoja na vyombo vya hekalu, hata akaivunja nira iliyokuwa shingoni mwa Yeremia. Hanania huyo ndiye aliyekuwa nabii wa uongo. Yeremia aliandika kwamba kurudi kungekuwa baada ya miaka 70, maana yake wengi waliosomewa barua ile wangezikwa ugenini, na bado aliwaagiza wajenge nyumba, wapande bustani na kula matunda yake. Mwalimu, siku 40 zilipokwisha, kilichoanguka ni ahadi ya mhubiri yule, wala si imani yako. Nasema hivi kwa uchungu, kwani nimeona vijana wakiliacha kanisa kwa sababu ya ahadi kama hiyo. Nawe bustani umeshaipanda: ni watoto hao unaowafundisha.

Dada, Bungoma
Mwalimu, niruhusu nikuulize: je, washirika wenzako wanajua kwamba kuna miezi ambayo posho haitoki? Wagalatia 6:2 inatuagiza tuchukuliane mizigo, lakini mzigo uliofichwa hakuna wa kukusaidia kuubeba. Kwetu, akina mama walipogundua kwamba kijana mmoja wa kwaya alikuwa akilala njaa, walimpelekea debe la mahindi kwanza, ndipo wakaomba naye.

Mwalimu, Kakamega
Asanteni sana. Hawajui, dada, niliona aibu, kwa kuwa huko ninaitwa mwalimu. Jioni hii niliweka kando madaftari niliyokuwa nikisahihisha, nikasoma Zaburi 13 kwa sauti kama Mama alivyofanya, nikakwama kwenye “hata lini” ya pili kwa muda mrefu. Ibada yetu ya nyumba kwa nyumba ni Alhamisi. Nitawaambia.