Mrejesho: wale nyuki wangu wa uani hapa Tabora

Wakuu narudi na mrejesho. Niliuliza kama kiangazi hiki niwape nyuki maji ya sukari, maana shemeji yangu wa Kanada huwapa wa kwake kabla ya winta. Mzee mmoja mfugaji wa Sikonge kanambia nisiwalinganishe kabisa, na nimemuelewa. Wale wa kule baridi ikikaza hawatoki, wanajikusanya kumzunguka malkia, wanatetemesha misuli ya mbawa kutoa joto huku wanakula asali waliyoweka akiba, wa nje wakipoa wanapenya ndani, yani kazi kweli kweli. Wetu njaa na kiu ikizidi wanahama tu na malkia wao. Kwa hiyo wakati wa kuvuna niliwaachia masega ya kutosha, nikaezeka nyasi juu ya mzinga na kuweka karai la maji lenye vijiti wasizame. Sasa jua la saa nane wanajipanga kwenye vijiti wanakunywa, wengine mlangoni wanapepea mbawa kupooza ndani, raha kuwaangalia! Sukari sijawapa hata kijiko na hawajahama. Miyombo imeanza kuchipua, jana wameingia na chavua miguuni. Siafu nimewazuia kwa grisi kwenye nguzo, mwenye njia bora zaidi aniambie.