Tupeane uzoefu: kifaa ulichojiundia kilipoonekana kina jini

#1
Wakuu, salaam. Kwa sisi tunaochezea mikrokontrola (vile vikompyuta vidogo vya kuendesha vifaa) nyumbani, kila mtu ana kifaa kilichomfanya ajiulize kama kimerogwa. Naanza mimi.

Niliunda taa ya ngazi kwa bodi ya mikrokontrola ya Arduino Uno na kitufe kimoja. Ikawa inawaka ukipitisha mkono tu, hata hujagusa. Wanangu wakaiita taa ya mchawi, kila mgeni lazima apelekwe akaione. Kumbe pini ya kitufe ilikuwa inaelea: haijafungwa kwenye volti 5 wala kwenye graundi, basi inadaka mawimbi ya nyaya za umeme wa nyumba kama antena. Rizista moja (kipingamizi cha umeme) ya kilo-omu 10 ya kuifunga pini ikamfukuza jini. Watoto walininunia siku mbili, nikaing'oa hiyo rizista. Mchawi yupo mpaka leo.

#2
Hahaha, mkuu umenikumbusha pampu yangu ya kumwagilia miche. Sekunde 20 kila baada ya saa 12, mwezi na nusu bila kosa. Asubuhi moja naamka, miche inaogelea na pampu bado inanguruma.

Ilikuwa hesabu ya millis, saa ya ndani ya Arduino inayohesabu milisekunde tangu iwashwe. Ile namba huishia 4,294,967,295, yaani siku 49 na saa 17 hivi, kisha inarudi sifuri. Mimi niliandika "muda wa sasa jumlisha saa 12". Jumla ikavuka kikomo, ikageuka namba ndogo, kwa hiyo kila pampu ikiuliza "muda umefika?" jibu ni ndiyo. Toeni, msijumlishe: muda wa sasa kutoa muda wa mara ya mwisho, vyote viwe unsigned long (aina ya namba kubwa isiyo na hasi). Hapo hata ikivuka sifuri hesabu inakuja sawa. Nilikesha kulielewa hilo, na nilipolielewa nilicheka peke yangu jikoni.

#3
Yangu fupi. Skrini iliandika KARIBU kila feni ilipowaka. Tulidhani ina adabu. Mota ya feni ilikuwa inavuta umeme mwingi ikianza, volti zinashuka, bodi inajizima na kuanza upya, na KARIBU ndiyo salamu yake ya kuwaka. Nikaipa mota chanzo chake, graundi nikaziunganisha, na dayodi ya 1N4007 nikaiunga sambamba na mota, kumeza umeme unaorudi mota ikizimwa.

#4
Jamani, mimi jini wangu bado mzima. Kengele ya mlango inalia kila friji inapowaka. Waya wa kitufe una mita 6, umepita ubavuni mwa waya wa friji. INPUT_PULLUP nimeweka, ile amri ya kuwasha rizista ya ndani ya bodi inayovuta pini kwenye volti 5.

#2
Mkuu, hiyo rizista ya ndani ni dhaifu, kilo-omu 20 hadi 50, haiwezi kuushika waya mrefu hivyo. Ongeza ya nje ya kilo-omu 4.7 au chini yake, kapasita (kihifadhi chaji) ya nanofaradi 100 kati ya pini na graundi, na zile nyaya mbili za kitufe zisokote pamoja. Ukiweza, zihamishe mbali na za friji. Jaribu leo, friji ikiwaka uje utuambie.