Hisa mpya: kununua siku ya toleo au kungoja sokoni?

Bondeni (Nakuru): Wadau, chama chetu kimegawanyika. Wengine wanataka tununue hisa kampuni inapozitoa, wengine wanasema tungoje tuzichukue sokoni baadaye. Pesa hatutaigusa kwa miaka mitano. Mnaonaje?

Kondele (Kisumu): Ngojeni. Safaricom ilitolewa 2008 kwa shilingi 5. Maombi yalifurika, watu wakapewa sehemu ndogo ya walichoomba, na waliokopa benki wakalipa riba bure. Mwaka 2009 hisa ile ile ilikuwa chini ya shilingi 3.

Mama Kakamega: Malizia basi, ndugu yangu. 2021 ilipita shilingi 40, na gawio lilikuwa likiingia. Aliyenunua kwa 5 akatulia halalamiki.

Kondele: Sikatai dada, lakini hiyo ni moja. Watafiti Loughran na Ritter walifuatilia kampuni za Marekani zilizotoa hisa kati ya 1970 na 1990. Kwa miaka mitano iliyofuata, zilizoingia sokoni mara ya kwanza zilileta wastani wa asilimia 5 kwa mwaka, zilizoongeza hisa asilimia 7. Kampuni za ukubwa huo ambazo hazikutoa hisa ziliwapita wote. Wenye kampuni huuza bei ikiwa tamu, na vitabu vya hesabu wanavyo wao.

Olkaria: Hamjauliza pesa inaenda wapi, na hapo ndipo penye jambo. Sisi wa Naivasha KenGen, kampuni ya kuzalisha umeme, ni jirani, tuliifuatilia. Mwaka 2016 iliuza hisa mbili mpya kwa kila moja uliyonayo, kwa shilingi 6.55. Serikali, mwenye hisa mkubwa, haikuleta fedha taslimu. Mikopo iliyokuwa ikiidai kampuni iligeuzwa kuwa hisa. Deni lilipungua, sawa, lakini hisa ziliongezeka karibu mara tatu na faida ikawa ya kugawanywa kwa vipande vingi zaidi. Kufikia mwisho wa 2023 ilikuwa ikiuzwa karibu shilingi 2. Kampuni ya maduka ya Uchumi nayo ilichangisha kwa shilingi 9 mwaka 2014, watu wakazing'ang'ania. Mwaka uliofuata ikafunga maduka yake ya Uganda na Tanzania.

Mama Kakamega: Hapo umenena. Katika waraka wa toleo kuna sehemu ya matumizi ya fedha, na wengi huiruka wakikimbilia fomu.

Bondeni: Asanteni. Kikao kijacho nitaomba tusome sehemu hiyo kwa sauti. Ikiwa ni ya kuziba deni, tunangoja hesabu za miaka miwili kwanza.