Tupeane uzoefu: kiporo kilichowahi kukulaza hosteli

Sufuria Moja:
Wakuu, naanza mimi ili msione aibu. Nasoma mambo ya vijidudu, mwaka wa tatu. Kwenye mtihani niliandika bila kusita kwamba chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya masaa mawili, maana kati ya nyuzi 5 na 60 bakteria wanajizalia watakavyo. Jioni hiyohiyo nikapika wali, nikala nusu, nikafunika sufuria na kuiacha mezani hadi kesho yake mchana. Nikaupasha mpaka ukafuka moshi. Masaa mawili baadaye nilikuwa nimekumbatia ndoo.

Nilijidanganya kwamba moto unamaliza kila kitu. Kuna bakteria anaitwa Bacillus cereus, mbegu zake zinavumilia kuchemka. Wali ukikaa vuguvugu zinaamka, na ile sumu ya kutapisha ikishatengenezwa, hata uupashe vipi haitoki. Na hili nalo lilikuwa kwenye notisi zangu! Haya, leteni zenu.

Chumba cha Mwisho:
Mimi ni maharage mekundu. Jiko langu dogo la umeme lilikuwa dhaifu, yakawa yanatokota kivivu tu. Njaa ikanishinda nikayala yakiwa bado magumu. Tuliumwa watatu. Baadaye ndiyo nikajua yana sumu ya asili, na moto mdogo unaweza hata kuizidisha. Siku hizi naloweka usiku, namwaga yale maji, halafu nayachemsha kwa nguvu dakika 10 au zaidi kabla ya kupunguza moto.

Mpishi wa Zamu:
Kwetu ni kuku. Mwenzangu alimwoshea kwenye sinki la vyombo, bomba limefunguliwa mpaka mwisho, na sahani safi ziko pembeni.

Dada Mkubwa:
Sasa kuku asipooshwa si uchafu? Mama angenifukuza jikoni.

Mpishi wa Zamu:
Dada, maji hayaui kitu, yanarusha tu Campylobacter, bakteria wa kuku mbichi, kwenye sahani na kachumbari. Kinachomuua ni moto, nyama ifike nyuzi 70 hadi ndani. Ukilazimika kuosha, tumia beseni, na sinki ulisugue baadaye.

Dada Mkubwa:
Sawa, ila mama simwambii.

Friji ya Wote:
Friji yetu imeshindiliwa hadi mlango haufungi, mtu ananyanyua nyama mbichi anaiweka juu ya keki ya mwenzake. Tumekubaliana nyama ikae chini kabisa ndani ya chombo chenye mfuniko. Imedumu wiki moja.

Pua Kali:
Nyie mnajitesa. Mimi nanusa tu, kikinuka natupa.

Sufuria Moja:
Mkuu, wali wangu ulikuwa unanukia vizuri kabisa.

Pua Kali:
Aisee. Ngoja, mwenzangu wa chumba anapasha kiporo cha jana muda huu. Narudi.