Ndege gani huyu anayejijibu mwenyewe uani? (Kisumu)

Mkaazi_Mamboleo:
Wadau, kwenye ua wa kayaba hapa Mamboleo kuna sauti inayosikika kabla jua halijachomoza na tena jioni. Ni mluzi mnene, laini, na papo hapo mkwaruzo kama kitambaa kinachochanwa. Ndege haonekani. Ni nani? Nikimpigia rekodi ya sauti yake kwa simu atatoka?

Sikio_la_Ziwani:
Hao ni wawili. Ni tiva kichwa-cheusi: dume hupiga mluzi, jike hudakia kwa mkwaruzo, upesi hata sikio linasikia ndege mmoja. Simama usawa wa katikati ya ua, utulie. Mara nyingi mluzi utatokea upande huu na mkwaruzo upande ule. Akijitokeza ni mweusi ti mgongoni na kichwani, mwekundu kama damu kuanzia koo hadi tumboni, na bawa halina mstari mweupe.

Usimchanganye na kurumbiza, naye huimba alfajiri. Kurumbiza hurudia kipande kilekile, anaanza chinichini akizidi kupandisha sauti. Ana nyusi nyeupe na kifua cha rangi ya chungwa. Tipitipi ndiye yule mwenye sauti kama ya maji yanayomiminwa kutoka chupani.

Mama_Bustani:
Rekodi hapana, tafadhali. Atadhani mgeni ameingia kwake, aache makinda na njaa aje kugombana na simu.

Mtegee maji. Tafuta chombo kipana cha udongo, maji yasizidi sentimita 5, na katikati uweke jiwe lenye uso wa kukwaruza, maana kwenye beseni la plastiki miguu inateleza na ndege harudi. Kiwe kama mita 2 kutoka uani. Ukikisogeza karibu zaidi na ua, paka atavizia humo humo kwenye kayaba. Ukikipeleka mbali tiva hathubutu kuvuka uwazi. Mwaga na usugue kila siku: hapa ni kwenye malaria, na yai la mbu huwa mbu kamili kwa wiki moja hivi.

Sikio_la_Ziwani:
Na majani makavu chini ya ua usiyafagie. Tiva hula wadudu. Mtama ukimwaga watakuja kwera na shomoro. Ukinyunyiza dawa ya wadudu umemnyima chakula. Kabla ya kukata ua, chungulia kwanza kama kuna kiota.

Mkaazi_Mamboleo:
Asanteni sana. Na wale ndege chozi, wataoga humo kwenye chombo?

Mama_Bustani:
Mara chache. Chozi hupenda kujisugua kwenye majani yaliyolowa. Asubuhi nyunyizia mgomba maji, kisha kaa kimya umtazame.